Ngozi ya Bibi na Operesheni Vijana

Nilimwendea bibi yangu kutafuta habari za minisketi. Nilikuwa na daftari jipya la kurasa 200, kalamu mbili, na jina la riwaya ambalo sitalitaja hapa kwa sababu wezi wa majina ya riwaya ni wengi mjini. Mhusika wangu mkuu alikuwa msichana wa Dar es Salaam wa mwaka 1968, karani wa kupiga chapa, mrembo, anayekimbizwa na vijana pale Kariakoo kwa kosa la kuvaa sketi fupi. Mimi nimeishia kidato cha nne na nyumbani sina maktaba, lakini bibi ninaye. Alizaliwa mwaka 1948 huko Morogoro vijijini, akaja mjini 1966, na katika mwaka ule ninaoutaka alikuwa na miaka 20 na kazi ya kupiga chapa ofisini. Nikasema, bahati gani hii! Wenzangu wanaisaka historia vitabuni, historia yangu mimi inakaa chumba cha uani Magomeni na inakunywa chai ya rangi.

Nilimkuta kwenye mkeka, mguu mmoja ameunyoosha, muundi umefungwa bandeji. Wiki mbili nyuma alikuwa amejigonga kwenye ukingo wa kitanda. Mgongano wenyewe ulikuwa mdogo tu, wa kusema "aa!" na kuendelea na shughuli. Lakini ngozi ilichanika kama karatasi iliyoloa, ikajikunja upande mmoja. Mimi ndiye niliyempeleka zahanati. Walipojaribu kumshona, uzi ukawa unapita kwenye ngozi na kuikata. Nesi akamwambia daktari kwa sauti ya chini, "Haishiki uzi."

Daktari akainama. "Bibi, umewahi kutumia vipodozi vikali? Krimu? Mkorogo?"

Bibi akajibu haraka, "Mimi? Mafuta ya nazi tu, baba."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sikusema kitu. Nilikuwa natazama mashavu yake, pale chini ya macho, penye madoa ya rangi ya buluu iliyokolea kama wino uliomwagika na kufutwa vibaya. Madoa hayo nimeyaona tangu nilipopata akili. Nilidhani ni uzee. Nyumbani kwetu kila mtu alidhani ni uzee, au alijifanya kudhani hivyo.

Ndugu msomaji, nitakayoyaeleza hapa yameanzia kwenye mguu huo. Ni historia, lakini historia ya ngozi.

Kwanza tuutendee haki uzee, maana na wenyewe husingiziwa mengi. Ngozi ya binadamu ina tabaka. La juu ni jembamba, na chini yake lipo tabaka nene lenye nyuzi za protini iitwayo kolajeni, ndizo zinazoipa ngozi uimara wake, kama katani ndani ya kamba. Mtu anapozeeka, seli mpya huzaliwa polepole, kolajeni hupungua, na tezi za mafuta hufanya kazi kivivu. Ngozi hukauka na kuwasha, hasa usiku, na zaidi kwa anayeoga maji ya moto na sabuni kali. Mafuta ya chini ya ngozi nayo hupungua, kwa hiyo mishipa midogo ya damu hubaki bila mto wa kuikinga. Ukimshika mzee mkono kwa nguvu kidogo, kesho yake unaona baka la zambarau. Vidonda huchelewa kupona. Hayo ni mambo ya kawaida na hayana aibu. Hata wale ambao hawajawahi kugusa kopo la krimu yatawafika wakijaliwa umri.

Jua ndilo linaloharakisha mambo, maana miale yake hukatakata kolajeni. Sisi watu weusi tuna kinga yetu, melanini, ile rangi yenyewe, inayonywa sehemu kubwa ya miale kabla haijafika chini. Ndiyo sababu wazee wengi wa kwetu huchelewa kupata makunyanzi. Lakini kinga hiyo inafaa pale tu inapoachwa ifanye kazi. Anayejichubua huwa anaivua mwenyewe, kisha anatoka nje kwenye jua la Dar es Salaam.

Sasa turudi mwaka 1968.

Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa Februari 1967, na nchi nzima ilikuwa inazungumza ujamaa na kujitegemea. Mavazi na miili ya watu nayo ikaingizwa kwenye mazungumzo hayo. Mwanzoni mwa mwaka 1968 Wamaasai wa mkoa wa Arusha walikuwa wanashurutishwa waache rubega na udongo mwekundu waliokuwa wakijipaka, ili wafanane na taifa la kisasa. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, Umoja wa Vijana wa TANU jijini Dar es Salaam ukapitisha azimio la Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969 vitu kadhaa vingepigwa marufuku: minisketi, mawigi, suruali za kubana, na dawa za wanawake za kujichubua. Sababu iliyotolewa ni kwamba vitu hivyo vinadhalilisha utamaduni wa taifa.

Hata kabla tarehe haijafika, mwezi uleule wa Oktoba, makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake kwenye kituo cha mabasi cha Kariakoo, hasa waliovaa nguo fupi na za kubana, mpaka polisi wakaingilia. Magazetini ukazuka ubishi mkubwa. Gazeti la The Standard, la Kiingereza, lilipokea barua nyingi za wasomaji. Wengine walipinga kuonewa kwa wanawake, na wengine waliuliza iweje nguo ya Mzungu ya mwanamume, suti na tai, isihesabiwe kuwa ni ya kigeni. Hilo la suti lilikuwa swali zuri, na ningependa kumfahamu aliyekuwa wa kwanza kuliuliza.

Mimi nilikuwa nayajua haya kijuujuu, na macho yangu yote yalikuwa kwenye sketi. Sketi inafaa riwayani, ina mbio na zogo. Neno la nne katika orodha, dawa za kujichubua, nililipita kama mtu anavyopita duka lililofungwa. Bibi ndiye aliyenirudisha hapo.

"Mume wangu," akaniita, maana bibi zetu ndivyo wanavyotuita wajukuu wa kiume, "wewe unauliza sketi. Sketi nilikuwa nazo mbili. Ilipopigwa marufuku nikaongeza pindo, nikaendelea kuvaa. Ila kile kikopo sikukiacha."

Nikaweka kalamu chini.

Akanieleza. Ofisini kwao walikuwa wapiga chapa wanne. Nafasi ikatokea ya kukaa mbele, mapokezi, kupokea wageni na simu, na mshahara ukiwa umezidi kidogo. Bibi alipiga chapa kwa kasi kuliko wote. Nafasi akapewa msichana mweupe. Hakuna aliyesema kwa nini, wala hakuna aliyehitaji kusema. Bibi ni maji ya kunde, tena ya kupendeza. Ninayo picha yake ya studio na nimeiangalia vizuri. Lakini Jumamosi ileile alikwenda kununua kikopo chake cha kwanza.

"Na Operesheni ilipokuja?" nikauliza.

"Tukaanza kukifunga kwenye kitambaa. Unakiweka chini kabisa ya mkoba, juu yake unaweka kanga. Wale vijana wakikupekua wanakuta kanga." Akacheka kidogo. "Walitufundisha kuficha. Kuacha hawakutufundisha."

Tangu siku hiyo maneno hayo hayajanitoka, na yote niliyoyatafuta baadaye nimeyatafuta kwa sababu yake. Nilitaka kujua wakati ule vijana wanapekua mikoba, ni nani alikuwa anajua kilichomo ndani ya kopo.

Nikagundua kwamba walikuwepo waliojua. Mwaka 1939 madaktari wa Marekani walichapisha taarifa kuhusu wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha kusindika ngozi za wanyama. Wafanyakazi walivaa glavu za mpira, na mikono yao ikaanza kupoteza rangi kwa mabaka. Ilionekana kwamba ndani ya mpira mlikuwa na kemikali ya jamii ya haidrokwinoni, iliyowekwa ili mpira usichakae upesi. Kwa hiyo kemikali za namna hii zilijulikana kwanza kama madhara ya kazini. Mfanyakazi alikuwa amedhurika kiwandani. Mfanyabiashara alipoiona ile mikono, akaona bidhaa. Ngozi za wanyama ndizo zilizokuwa zinasindikwa mle, lakini zilizofuata zilikuwa za watu.

Kabla ya haidrokwinoni ilikuwepo zebaki, yale madini ya majimaji yaliyomo kwenye kipimajoto cha zamani. Chumvi za zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini, kwa hiyo mtu hupata weupe. Lakini zebaki haiishii kwenye ngozi. Huingia mwilini, nayo hudhuru figo na neva. Mwaka 1972, miaka minne tu baada ya azimio la Operesheni Vijana, madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza taarifa ya wagonjwa waliovimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zinavujisha protini. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa wametumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Nairobi si mbali. Basi la asubuhi likitoka huko, usiku linaingia Dar es Salaam. Habari za minisketi zilizunguka Afrika Mashariki yote kama moto wa nyika, lakini hizi za figo zilibaki kwenye jarida.

Miaka mitatu baadaye, 1975, madaktari wa Afrika Kusini wakaeleza ugonjwa walioukuta kwa wanawake weusi waliotumia krimu kali za haidrokwinoni kwa muda mrefu. Ngozi iliyokuwa imeng'aa ilianza kugeuka. Ikawa ngumu, ikatoka vipele vidogo kama punje za caviar, yale mayai meusi ya samaki wanayokula matajiri wa Ulaya, ikapata madoa ya buluu na nyeusi, hasa kwenye mashavu na sehemu nyingine zinazopigwa na jua. Ubaya wa madoa hayo ni kwamba humfanya mtu aongeze krimu akidhani atayaondoa, kumbe krimu ndiyo inayoyaleta. Yakishaingia, hayatoki kirahisi, na kwa wengi hayatoki kabisa.

Niliposoma maelezo hayo nilikuwa nimekaa kwenye kibanda changu cha uwakala wa kutuma fedha, mteja amesimama mbele yangu ananiita. Sikumsikia. Nilikuwa nayaona mashavu ya bibi.

Afrika Kusini, serikali ilipiga marufuku haidrokwinoni kwenye vipodozi mwaka 1990, baada ya miaka mingi ya kelele za madaktari na za wanaharakati waliokuwa wanapinga ubaguzi wa rangi. Hawa hawakusema tu kwamba wanawake wanajidhalilisha. Walisema kilichomo kwenye kopo, wakasema anayefaidika, wakasema na kinachomkuta mtumiaji. Huko Ulaya, zebaki kwenye vipodozi ilikuwa imekatazwa tangu mwaka 1976. Lakini kukatazwa huko kulikuwa kwa ajili ya ngozi za Ulaya. Viwanda vya Uingereza na Ireland viliendelea kutengeneza sabuni za zebaki za kupeleka nje, na sehemu kubwa ilikuja Afrika. Jumuiya yenyewe ilikuja kukataza sabuni hizo kusafirishwa nje mwaka 2003. Hesabu mwenyewe, msomaji. Kati ya 1976 na 2003 ni miaka 27. Katika miaka hiyo bibi yangu alitoka kuwa dada wa miaka 28 akawa mama mtu mzima wa miaka 55.

Nikamwuliza bibi alipitaje miaka yote hiyo, maana najua ilikuwa na uhaba. Akanisimulia miaka ya mwanzo ya 1980, vita na Uganda vimekwisha, maduka matupu, sabuni ya kufulia haipatikani, watu wanafua kwa majani ya mpapai. Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na mtu kukutwa na katoni ya sabuni ndani ilikuwa kesi. "Sabuni yangu ilikuwa inatoka Kenya," akasema, "inapita Horohoro kwenye magunia ya vitunguu. Tulikuwa tunakatana kipande, wanawake wanne mche mmoja." Watu walikosa sukari, lakini zebaki ilipatikana!

Halafu mambo yakafunguka. Biashara ya kuagiza bidhaa ikaanza kulegezwa mwaka 1984, na mwisho wa 1985 akaingia Rais Mwinyi, ambaye watu walimpa jina la Mzee Ruksa. Mitumba ikaja, redio kaseti zikaja, na makopo yakaja kwa wingi kuliko wakati wowote. Mtu hakuhitaji tena kukatana kipande. Ndipo mkorogo ulipotia fora. Mkorogo ni kama jina lenyewe linavyosema: krimu hii, losheni ile, sabuni ya kusaga, wakati mwingine hata dawa ya kufulia, vyote vinakorogwa kwenye bakuli saluni na kupakiwa kwenye kopo lisilo na maandishi. Na humo ikaingia steroidi.

Steroidi si adui. Tangu miaka ya 1950 madaktari wametumia krimu zake kutibu pumu ya ngozi na magonjwa mengine, na zimewapa watu nafuu kubwa. Lakini zimekusudiwa kupakwa kidogo, mahali palipoumwa, kwa siku chache. Steroidi kali ikipakwa mwili mzima kwa miaka, hula kolajeni. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana kama ramani, michirizi inatokea, fangasi wanapata makao. Huingia kwenye damu pia, na inaweza kupandisha sukari na shinikizo. Tena mwili unaizoea, kiasi kwamba ukiacha ghafla, ngozi inawaka na kuwasha na kuwa nyeusi kuliko ilivyoanza. Sasa chukua wembamba huo, ujumlishe na wembamba wa uzee niliouelezea mwanzo. Jibu lake ni muundi wa bibi yangu. Anayejichubua akiwa na miaka 20 anaona uso wake kwenye kioo cha kesho. Deni lenyewe linakuja kudaiwa akiwa na miaka 70, siku anapojigonga kitandani.

Tanzania ilitunga sheria mpya ya chakula, dawa na vipodozi mwaka 2003, ikaanzishwa na mamlaka ya kuisimamia. Vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi vimekatazwa. Tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko chini ya Shirika la Viwango. Shehena hukamatwa, huteketezwa, picha hutoka gazetini. Mkataba wa kimataifa wa Minamata juu ya zebaki, ulioanza kufanya kazi mwaka 2017, nao umeviweka vipodozi vya zebaki katika orodha ya vitu vya kukomeshwa. Hayo yote ni mazuri. Lakini moshi wa makopo yanayochomwa haumfikii bibi aliyejifungia chumbani kwake.

Maana sijasema jambo lenyewe bado. Siku ya tatu ya mahojiano yetu nilikuwa namfunga bandeji upya, kidonda bado kibichi, kingo zake nyeupe, kina kama hakitaki kuendelea na maisha. Nikamwuliza, kwa utani tu wa mume na mke, "Mke wangu, na hicho kikopo uliacha lini?"

Akanyamaza. Nje kulikuwa na mtoto anaimba. Kisha akanyoosha mkono chini ya godoro, akatoa kifurushi cha kipande cha kanga kilichochakaa, akakifungua. Kikopo. Kimebaki nusu.

"Nikiacha nawashwa usiku kucha," akasema. "Nawaka moto. Nilijaribu babu yako alipofariki, nilijaribu na mama yako alipoolewa. Sasa mzee mzima kama mimi, nimwambie nani? Nikamwambie yule daktari mtoto mdogo vile?"

Nilishindwa kumjibu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi methali hiyo nimeiandika kwenye insha za shule mara nyingi, nikapata vema. Wahenga wameshughulika na anayeficha tu. Aliyemfanya afiche hawakumtaja. Bibi alianza kuficha Oktoba 1968, kwa sababu waliomjia walikuja na kelele na mikono, siyo na maelezo. Wangemwambia, dada, humu mna zebaki, itakula figo zako, huenda angecheka, huenda angeacha. Hakuambiwa hivyo. Aliambiwa kwamba yeye ni aibu ya taifa. Mtu akiambiwa ni aibu, anatafuta kitambaa cha kujifunika. Kitambaa kile kile ndicho nilichokuwa nakitazama, zaidi ya miaka hamsini baadaye, na kilikuwa kinamzuia daktari kuona kinachozuia kidonda kupona.

Na nitasema la kwangu, maana siyo haki kuandika ya bibi nikaficha yangu. Pale kijiweni kwetu jioni tunakaa vijana saba au wanane. Akipita msichana mweupe, ni sisi tunaopiga mbinja. "Oya, cheki chombo!" Akipita ambaye uso umetakata na miguu imebaki, ni sisi tunaopiga kelele, "Uso Fanta, miguu Coca-Cola!" Ni vijana walewale, kwenye benchi lilelile, jioni ileile. Binamu yangu ana miaka 19 na amekwisha kuanza. Nimeona vifundo vya vidole vyake vimebaki vyeusi wakati mkono umekuwa wa rangi ya karanga. Sijawahi kumwambia neno la maana. Nimewahi kumcheka tu. Kwa hiyo nilipokuwa naandika kwa hasira juu ya wale vijana wa Kariakoo, kalamu ilisita. Nilikuwa najiandika mwenyewe. Tofauti yetu ni kwamba wao walikuwa na azimio.

Jumatatu iliyofuata tulikwenda zahanati. Bibi alivaa gauni lake la kitenge, na kikopo kilikuwa kwenye mkoba, chini kabisa, juu yake kanga. Alipofika mbele ya daktari akakitoa, akakiweka mezani, hakusema kitu. Yule daktari mtoto mdogo, Mungu ambariki, hakukunja uso wala hakuuliza kwa nini. Alisoma maandishi ya kopo, akasema, "Asante, mama. Umenisaidia sana." Akamwelekeza asiache kwa siku moja ila apunguze kwa mpango atakaomwandikia. Akamwandikia kipimo cha mkojo, sukari na shinikizo. Akasema kidonda kisishonwe, kifungwe kwa bandeji isiyoganda kwenye nyama, na ngozi iliyobaki ipakwe mafuta mazito ya kawaida yasiyo na manukato, kila anapotoka kuoga, mwili ukiwa bado na unyevu. Asioge maji ya moto. Avae mikono mirefu na kofia akitoka juani. Ni maneno ya kawaida kabisa, na kila moja lingeweza kusemwa mwaka 1972.

Kidonda kinafunga. Kinakwenda taratibu, kama milimita kwa wiki, lakini kingo zimepata wekundu. Usiku anawashwa, anaamka, ananiita nimpake mafuta mgongoni. Figo zinafuatiliwa. Madoa ya mashavuni yapo na yatakuwepo. Wiki iliyopita binamu yangu alikuja kumsalimia, na bibi, bila kuhubiri, akamwambia, "Njoo unishikie taa, mume wangu anifunge mguu." Akaishika taa kwa karibu sana. Alikuwa kimya muda wote. Ameacha? Hajaacha. Lakini juzi aliniuliza swali, kama ni kweli ukiacha ghafla unawaka. Nikamweleza ninachokijua, na kwa mara ya kwanza sikumcheka.

Riwaya bado ninayo. Msichana wangu bado anakimbizwa Kariakoo na sketi bado ni fupi. Ila sura ya mwisho nimeibadilisha. Zamani ilikuwa inaishia kituo cha mabasi, mwaka 1968. Sasa inaishia uani Magomeni, na yeye ni mzee, na kuna mtu amekaa pembeni yake anamwuliza maswali na kusubiri majibu.

Nanyi wenzangu mnaoandika, wengi wenu mna wazee nyumbani. Mkiwauliza walivaa nini na walicheza muziki gani, ni vizuri. Lakini mkimaliza, waombeni wawaonyeshe mikono.